Wanafunzi wangu wa Gredi ya 8 hawataki kuhariri insha. Nifanyeje?

Chaki Nyeupe (mwanzilishi wa uzi)
Habari za jioni wadau. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari ya chini (JSS), shule ya umma huku Bonde la Ufa. Naomba ushauri, hasa wa walimu, ingawa yeyote aliyewahi kuandika insha anakaribishwa.

Watoto wangu wanaandika insha mara moja, wanafunga daftari, basi. Nikiwaambia waihariri, wanainakili upya kwa mwandiko mzuri zaidi na makosa yote wanayahamisha salama salimini. Mmoja alibadilisha rangi ya kalamu tu. Halafu maneno ni yale yale darasa zima. Niliwapa "Siku nitakayoikumbuka", nikakusanya madaftari hamsini na kitu, na karibu kila moja jua limechomoza kwa madaha na ndege wanaimba nyimbo tamu za kumsifu Jalali. Hata kijana aliyeandika kuhusu nyumba yao kuungua usiku, alianza na jua na ndege!

Nina vipindi vinne kwa wiki, dakika 40 kila kimoja. Nifanye nini wajifunze kuhariri kweli na kuchagua maneno yao wenyewe? Natanguliza shukrani.

Mzee wa Ubao
Pole mwalimu. Simu ndizo zimewamaliza hawa. Enzi zetu hakuna aliyeuliza "nihariri vipi". Ulikuwa unasoma gazeti lililofungiwa sukari mpaka unalimaliza, matangazo ya vifo pamoja. Leo mtoto hasomi chochote kirefu kuliko ujumbe wa WhatsApp halafu tunategemea aandike. Wazazi nao wapo tu. Mtu hawezi kuvuna asichopanda.

Kipanga wa Tanga
Wakenya bana, insha zenu mnaandika kama mnahutubia mbele ya sultani. Jalali kaingiaje kwenye nyumba iliyoungua?

Mimi kidato cha kwanza niliambiwa niandike barua kwa mjomba kuomba nauli. Nikashusha misamiati yote niliyokuwa nayo. Mwalimu akanirudishia bila alama hata moja, ila chini kaniuliza: "Mjomba akimaliza kusoma hii, atajua unataka shilingi ngapi?" Mpaka leo nikiomba hela naanza na kiasi.

Mama Zawadi
Mwalimu, nimefundisha Kiswahili darasa la 7 na la 8 huku Kisumu miaka ya KCPE, ule mtihani wa taifa wa kumaliza darasa la 8, nimestaafu. Insha ilikuwa alama 40 kwa dakika 40. Hapo ndipo tatizo lako lilipozaliwa. Kwa dakika 40 hakuna anayehariri, kwa hiyo sisi walimu tukawajaza watoto maneno yaliyopikwa tayari ili wasipoteze muda kufikiri. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, lakini mazoea hayakwenda nayo.

Kwanza acha kuwaambia "rudia". Mtoto akisikia rudia anasikia adhabu. Chukua aya moja tu, si insha nzima. Waandike wakiruka mstari mmoja, ule mtupu ndio wa kuhariria. Siku hiyo usisahihishe kitu. Kipindi kitakachofuata, kila mmoja amsomee jirani yake kwa sauti, na jirani ana kazi moja: apige mstari chini ya kitu anachoweza kukiona kana kwamba alikuwepo. Pasipopigwa mstari ndipo pa kushughulikia. Na kalamu nyekundu iache ofisini kabisa. Ukianza na tahajia, mtoto atarekebisha tahajia na atakwambia amehariri.

Sasa niulize. Hayo ya Jalali waliyatoa wapi? Darasa zima haliwezi kuota ndoto moja.

Chaki Nyeupe
Asante sana mama, hiyo ya kuruka mstari naichukua. Maneno wameyaokota huku na huku tu, vitabu vya marudio na kadhalika, unajua mambo ya shule zetu.

Bint Pwani
Nanyi walimu msijitoe. Nilisoma Kongowea. Niliandika insha kuhusu bibi yangu, na ndani yake bibi anasema "Ndoo hapa, ndia ndiyo hii," kwa sababu ndivyo anavyosema, Kimvita chake cha kuzaliwa nacho. Mwalimu, mtu wa bara, akapiga mistari myekundu akaandika "njoo" na "njia" pembeni. Kwenye nakala safi nikaandika bibi mwingine kabisa, anazungumza kama msomaji wa taarifa ya habari. Nikapata 34. Ukiona watoto wanajificha nyuma ya ndege na jua, ujue kuna siku walijaribu kusema lao wakakatwa.

Mama Zawadi
Kweli dada. Maneno ya mhusika ndani ya alama za kunukuu yaachwe kama yalivyo.

Mwalimu Chaki, "huku na huku" ndiko wapi?

Chaki Nyeupe
Sawa. Kuna kijitabu, kurasa ishirini hivi, fotokopi. Misemo ya kupamba insha: ya kuanzia, ya furaha, ya hofu, ya kumalizia. "Nilifurahi ghaya ya kufurahi", "wahenga hawakukosea waliponena", yote yamo. Wanakinunua wakiwa Gredi ya 6 na wanafika kwangu wamekikariri. Si mnajua JSS nyingi za umma ziko ndani ya shule za msingi, lango moja, bendera moja. Aliyekiandika ni mwalimu wa Gredi ya 6 hapo hapo.

Kipanga wa Tanga
Si uongee naye tu mkuu? Mko uzio mmoja.

Chaki Nyeupe
Naongea naye kila siku. Ni mke wangu.

Kipanga wa Tanga
😂😂😂 Ngoja nivute kiti.

Shangazi Tausi
Mwanangu, achana na insha kwanza. Huyo mama anapata ya chumvi na sabuni kwenye hicho kijitabu, nawe unataka kumfungia duka hadharani? Marehemu mume wangu aliwahi kuwaambia wateja wangu mandazi yangu yana mafuta mengi. Alikuwa sahihi. Hakula mandazi nyumba ile mpaka Krismasi. Zungumzeni chumbani, si darasani.

Chaki Nyeupe
Shangazi, nimeshatangaza. Ijumaa niliwaambia darasani kwamba Jumatatu kila mmoja alete kijitabu nikifungie kabatini, na msemo wowote wa kijitabu ukionekana kwenye insha unakatwa alama mbili. Yeye hajui bado. Ana rundo jipya limetoka kuchapishwa, liko chini ya kitanda.

Nisieleweke vibaya, sipingani naye. Kwa Gredi ya 6 pengine kinasaidia mtoto asikae na karatasi tupu. Ila kwangu kinawaharibu. Na nikishatangaza siwezi kurudi nyuma, watoto watanionaje? Ualimu ni msimamo.

Mzee wa Ubao
Hapo kwenye msimamo nakuunga mkono.

Mama Zawadi
Mimi simuungi. Ukikata alama mbili kwa kila msemo, wataandika sentensi fupi za woga: niliamka, nilikula, nilienda. Utakuwa umebadilisha ugonjwa tu. Na kabati halifungi kilicho kichwani.

Kitumie hicho kijitabu. Andika ubaoni "jua lilichomoza kwa madaha" kisha uliza: wewe ulikuwa wapi jua likichomoza? Mmoja atasema alikuwa anakamua ng'ombe, mwingine alikuwa bado amelala na jua hakuliona. Basi huyo wa pili afute jua. Huko ndiko kuhariri. Na mkeo hajavunjiwa heshima.

Karani Mstaafu
Samahani kwa kuharibu harusi. Mimi naona hekaya.

Hebu someni tena kuanzia juu. Mwanzilishi alikuja na shida ya kuhariri. Hatua kwa hatua tumeelezwa kijitabu kina kurasa ngapi, kimegawanywa vipi, kinasaidia Gredi gani, na kwamba nakala mpya zimetoka kuchapishwa. Mke ameingizwa ili tucheke tusishtuke. Hili ni tangazo. Kesho mtaletewa namba ya M-Pesa.

Kipanga wa Tanga
Duh. Chai hii? Na mimi nilishavuta kiti.

Shangazi Tausi
Hata kama ni uongo, aongee na mkewe.

Karani Mstaafu
Mwalimu wa kweli ana madaftari mezani. Tuonyeshe insha moja.

Chaki Nyeupe
Nimechoka lakini sawa. Ni yule kijana wa moto. Aya yake ya kwanza:

"Ilikuwa siku ya Jumamosi, jua lilichomoza kwa madaha na ndege wakaimba nyimbo tamu za kumsifu Jalali. Usiku nyumba yetu ikashika moto. Nilipigwa na butwaa. Nilipiga mayowe mithili ya mwendawazimu. Majirani walikuja kwa kasi ya umeme wakauzima moto."

Nilimwita majilisini, chumba cha walimu, nikamwambia afunge daftari anisimulie, kisha akaketi akaandika alichonisimulia:

"Niliamshwa na harufu ya godoro. Mama alikuwa ananivuta mguu badala ya mkono. Nje baba alikuwa anahesabu sisi na akimaliza anahesabu tena. Majirani walikuja na maji ya kuoshea vyombo kwa sababu tangi lilikuwa halina maji. Kuku walikuwa wametoka wote peke yao."

Ona, kwa mmoja inawezekana. Hamsini na kitu nitawaketisha majilisini lini? Swali langu tangu mwanzo ni hilo.

Karani Mstaafu
Hiyo ya pili umeiandika wewe. Mtoto wa miaka 13 hawezi kuona hao kuku.

Bint Pwani
Karani, mtoto wa miaka 13 ndiye anayeona kuku. Mtu mzima angeandika hasara kwa shilingi. Halafu "anahesabu sisi"! Mwalimu wa Kiswahili hawezi kuandika hivyo hata kwa kulipwa.

Karani Mstaafu
Anaweza, ili mimi na wewe tuamini.

Mzee wa Ubao
Ni "anatuhesabu". Mwalimu, umesahihisha hilo?

Mama Zawadi
Asiliguse sasa, litasahihishwa mwisho kabisa. Kuna la maana zaidi. Kijana ameandika mama "ananivuta" mguu. Aulizwe: alikuvuta, alikuburura au alikukokota? Kuburura, mgongo wake uko sakafuni na mama ana haraka. Kukokota, mtoto ni mzito na mama anachoka. Yeye ndiye alikuwepo, yeye achague. Na wale majirani wameuzima moto kwenye nakala ya kwanza, ya pili wameuacha unawaka. Walimwaga yale maji, waliyarusha, au waliyanyunyiza? Kila neno lina moto wa ukubwa wake. Maneno mawili ya namna hiyo kwa insha moja yanatosha, usimchoshe.

Kuhusu hamsini na kitu, huna haja ya majilisi. Waketi wawili wawili, madaftari yamefungwa, mmoja asimulie dakika tano, mwenzake aruhusiwe kuuliza "halafu?" na "ulijuaje?" tu. Wabadilishane. Kisha waandike kimya. Kipindi kimoja kinatosha hilo, kinachofuata wanasomeana na kupiga mistari. Kelele zitakuwepo, mwambie mwalimu mkuu mapema.

Chaki Nyeupe
Hii naiweza. Jumanne nina vipindi viwili vinavyofuatana. Ila vijitabu vya Jumatatu nitavikusanya kwanza, nilishasema.

Shangazi Tausi
Leo ni Jumapili. Mke umemwambia?

Chaki Nyeupe
Amekwenda kanisani, kuna kikao cha akina mama. Akirudi nitaona.

Kipanga wa Tanga
"Nitaona" 😂 Wewe ndiye utakayepigwa na butwaa mithili ya mwendawazimu.

Msafiri wa Kitale
Habarini. Sijasoma majibu yote. Nina mtoto Gredi ya 6, insha inamsumbua sana. Hicho kijitabu ni shilingi ngapi na nakipataje?

Karani Mstaafu
Haya, mteja wa kwanza huyo.