Jirani anapandisha ghorofa nane Ng'ambo: tukatae au tunyamaze?

Mwana wa Ng'ambo: Assalaam alaykum. Mtaani kwetu Ng'ambo, hapa Zanzibar mjini, imevunjwa nyumba ya bati, linapanda jengo la ghorofa nane. Wazee wamekwenda kwa sheha na karatasi ya saini, hawalitaki. Wanasema maji yenyewe ya mgao, makaro yamejaa, na kichochoro gari ya zimamoto haipiti. Vijana wanasema maendeleo. Nyie mnaonaje?

Tajiri wa Baadae: Waalaykum salaam. Sensa ya 2012 Zanzibar nzima tulikuwa milioni moja na laki tatu, ya 2022 tunakaribia milioni moja na laki tisa. Visiwa havijaongezeka hata shubiri. Watu walale juu ya minazi? Tabu yetu ghorofa hatujazizowea, ndo maana kwenye maghorofa ya Michenzani walipandisha mbuzi juu.

Michenzani Damu: Hapo kwenye mbuzi umeharibu. Mie nimekulia mule, sijaona mbuzi anapanda ngazi. Labda kwenu.

Bint Malindi: Ya mbuzi siyajui, mie nazungumzia stara. Jengo la jirani lilipofika ghorofa ya tatu tu, uani kwetu kote kukawa wazi. Nafua, kichwa wazi, kanga kifuani, nikiinua macho fundi kakaa kwenye jukwaa anatafuna andazi, ananitazama. Sasa nimefunga turubai, na joto lake ndani hamulijui.

Tajiri wa Baadae: Bi mkubwa, weka pazia. Na mbuzi nilimuona kwa macho yangu, miaka ya tisini, kafungwa rosheni.

Bint Malindi: Pazia nilitundike wapi, mbinguni?

Msomi Kidogo: Msiwaonee wenzenu. Zile nyumba Wachina walitujengea tu baada ya Mapinduzi, hakuna aliyefundishwa kuzikaa. Halafu tukiruhusu maghorofa ovyo UNESCO watatufuta.

Michenzani Damu: Wachina gani tena? Wachina uwanja wa Amaan. Michenzani ni Wajerumani wa Mashariki na Mzee Karume, na wananchi wakatia nguvu zao. Pampu ikifa mama yangu alikuwa anapanda na ndoo kichwani mpaka juu, leo mtu anakuja kutucheka kwa mbuzi wa kuota!

Baharia Mstaafu: Na UNESCO inakujaje? Urithi wa dunia tangu 2000 ni Mji Mkongwe, Ng'ambo haimo. Na humo humo ndani ya urithi Beit al-Ajaib, lile jumba la kifalme, liliporomoka upande mmoja Disemba 2020. Kule Fumba wametangaza mnara wa mbao wa ghorofa 28, nao mtawapelekea saini?

Mpemba wa Chake: Waunguja mnabishania mbuzi! Mie nauliza jengo likishakwisha nani anafagia ngazi? Nani analipa taa ya ngazi, nani anazibua karo la watu wote? Sheria ya kumiliki nyumba za pamoja ipo tangu 2010, lakini mwenye jengo akishauza chumba cha mwisho humuoni tena. Muulizeni hilo kabla hajamwaga zege.

Tajiri wa Baadae: Kila mtu afagie mlangoni kwake, kwisha.

Mpemba wa Chake: Ngazi ina mlango wa nani?

Baharia Mstaafu: Huyu naye ana haraka kweli na hilo jengo. Isije kuwa kiwanja chake.

Tajiri wa Baadae: Ningekuwa na kiwanja ningekaa hapa kubishana na nyie?

Michenzani Damu: Sisi tulifagia kwa zamu, kila mlango na wiki yake. Asiyefagia alijulikana, na babake alijulikana. Yuko mmoja humu ndani alikuwa ghorofa ya nne, zamu ikifika kwao mlango unafungwa, wanajifanya wamekwenda shamba. Leo anajiita tajiri. Simtaji.

Tajiri wa Baadae: Nitaje basi.