Dini na mabadiliko ya tabianchi: je, tunaishia kwenye dua na mahubiri?

Swali
Assalamu alaykum, na Bwana asifiwe. Ukame unapozidi, Waislamu husali swala ya kuomba mvua na makanisa hutangaza siku za kufunga na kuomba. Sidharau dua hata kidogo, lakini ningependa kufahamu ni wapi mafundisho ya dini yamebadilisha namna watu wanavyotumia misitu, ardhi au bahari.

Jibu kutoka Pemba
Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Tazama kisiwa cha Misali, magharibi mwa Pemba, kilichofanywa hifadhi mwaka 1998. Uvuvi wa baruti ulikuwa umepigwa marufuku zamani, na wapo waliouendeleza. Masheikh, wakisaidiwa na IFEES, taasisi ya Kiislamu ya mazingira ya Uingereza, walianza kufundisha kwamba binadamu ni khalifa aliyekabidhiwa amana, na kwamba kuvunja matumbawe kwa baruti ni sehemu ya ule ufisadi wa bara na baharini unaotajwa katika Surat Ar-Rum, aya ya 41. Wavuvi walisikiliza, kwani afisa wa uvuvi hukwepeka, ilhali Mwenyezi Mungu hakwepeki. Hata hivyo, mwaka huohuo wa 1998 joto la bahari lilipausha matumbawe katika eneo kubwa la magharibi mwa Bahari ya Hindi, na joto hilo halikuletwa na mvuvi wa Pemba.

Jibu kutoka Moshi
Katika Dayosisi ya Kaskazini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), chini ya Askofu Fredrick Shoo, ambaye wengi humwita askofu wa miti, vijana wa kipaimara walitakiwa kupanda miti. Naupenda utaratibu huu kwa sababu hauishii mimbarani. Kasoro ninayoiona ni kwamba tunahesabu miche siku ya kupanda, bila kurudi kuihesabu baada ya kiangazi, ingawa Mwanzo 2:15 inamtaka mwanadamu ailime bustani na kuitunza.

Jibu kutoka Kwale
Msiwasahau wazee wetu. Misitu ya kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda wa pwani ya Kenya, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, ilisalia kwa sababu ya miiko ya kutokata mti, muda mrefu kabla ya semina za mazingira. Siku hizi vijana wengi hawaiogopi miiko hiyo, na ardhi ya pwani ina bei.

Jibu kutoka Tanga
Ndugu wa Pemba amegusa penyewe aliposema joto hilo halikuletwa na mvuvi. Azimio la Kiislamu la Istanbul la Agosti 2015 liliyataka mataifa tajiri na yanayozalisha mafuta yatangulie kupunguza hewa ukaa, na waraka wa Papa Fransisko, Laudato Si', wa mwaka huohuo ulizungumzia deni la nchi tajiri kwa nchi maskini. Sisi nasi tunaletewa bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga. Shirika la kidini la GreenFaith limelipinga waziwazi. Wengine hulitetea kwa sababu ya ajira, na hoja yao si ya kubezwa. Ningependa jambo hili lizungumzwe katika hotuba ya Ijumaa na ibada ya Jumapili kwa ukali uleule anaokabiliwa nao mvuvi wa baruti.