Najenga Kange, Tanga: ninunue taa janja sasa au fedha niiweke kwenye nyaya?

MwalimuKange:
Habarini wana jukwaa. Nina nyumba ya vyumba vitatu hapa Kange, nimeshapaua, na fundi umeme anataka kuanza kuchimba kuta apitishe bomba za nyaya kabla ya plasta. Shemeji yangu wa Dar kaniletea orodha kutoka duka la Kariakoo: balbu 12 za kuendesha kwa simu, swichi za kioo za kugusa, na kifaa cha kuviunganisha vyote. Jumla milioni 1 na laki 4. Anasema soko lote linaelekea huko, nyumba isiyo na vitu hivyo itakosa mpangaji baadaye, tena LUKU itapungua sana.

Hiyo ndiyo karibu fedha yote niliyotenga kwa ajili ya umeme. Mama yangu atakuja kuishi nasi, na yeye simu yake ni ya vitufe. Naomba kujua: huo umeme unaookolewa ni kweli? Na nikiamua kusubiri, kuna kitu nifanye ukutani sasa hivi ili nisije kuvunja plasta baadaye?

BintiFundi_Makorora:
Mwalimu, salaam. Nafanya waya hapa hapa Tanga, Makorora mpaka Pongwe, na nakuomba fundi asichimbe kabla hujasoma haya.

Kinachookoa umeme ni LED yenyewe. Balbu ya LED ya wati 9 inatoa mwanga wa ile ya zamani ya wati 60, na unaipata dukani Ngamiani bila simu wala intaneti. Balbu zako 12 zikiwaka saa 4 kwa siku ni uniti 13 hivi kwa mwezi. Hapo hakuna kikubwa kilichobaki cha kuokoa. Balbu janja nayo hailali: ukiizima kwa simu, redio yake inabaki macho ikingoja amri, na zipo zinazokula nusu wati kutwa kucha. Zikiwa 12 ni zaidi ya uniti 3 kwa mwezi wakati nyumba iko giza. Ukiwa kwenye D1, yaani daraja la nyumba zinazotumia umeme kidogo, chini ya uniti 75 unalipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ila zinazozidi hapo zinahesabiwa 350. Mwenye friji na pasi anajua mpaka ule ulivyo karibu.

Halafu mama. Balbu janja inataka swichi ya ukutani ibaki imewashwa muda wote. Mama akienda kulala atazima ukutani kama alivyozoea maisha yake yote, na simu yako itakuwa haiioni tena hiyo balbu. Umeme nao ukikatika saa 8 usiku na kurudi saa 9, nyingi huwaka zenyewe kwa mwanga wote mpaka uwe umezipangia vingine. Kwa nyumba yenye mzee, ujanja ukae kwenye swichi, kwa sababu swichi janja bado inabonyezwa kwa kidole.

Na hapo ndipo ukuta wako unapohusika. Wengi wetu tunapitisha waya wa moto na nyutro (waya wa pili, unaofunga mzunguko wa umeme) juu ya dari mpaka kwenye holda ya balbu, kisha nyaya mbili tu zinashuka kwenye swichi: moto unaokwenda na moto unaorudi. Swichi ya kawaida haihitaji zaidi. Swichi janja inahitaji umeme wake yenyewe saa zote, kwa hiyo inataka nyutro. Zipo zisizoitaka, lakini zinapitisha mkondo kidogo kwenye taa hata ikiwa imezimwa, na LED za wati chache huanza kumetameta usiku. Nimeitwa mara nyingi kwenye nyumba nzuri kabisa, jipsamu imeshapigwa, rangi imekauka, mwenye nyumba kashika swichi ya laki na hakuna nyutro ukutani. Inauma kumwambia tuvunje.

Kwa hiyo mwambie fundi ashushe nyutro kwenye kila boksi la swichi, aizibe ncha vizuri, aikunje nyuma. Maboksi yawe ya kina cha milimita 35, au 47 kama ukuta unaruhusu, maana yale ya 25 hayabebi kifaa chochote cha ziada. Kisha RCD ya miliampia 30, kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, na ethi (waya wa kwenda ardhini) iliyopimwa kwa kipimo. Hii naisisitiza kuliko taa zote, kuna watoto na mzee humo ndani.

Kuhusu soko, shemeji hajakosea kwamba linasogea. Mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana taa zote za fluoresenti, tyubu zile zenye zebaki, zisitengenezwe, zisiuzwe nje ya nchi wala kuingizwa nchini baada ya 2027, kwa hiyo usifunge tyubu mpya hata uuziwe kwa bei ya kutupa. Ila kwenye taa janja mambo hayajatulia. Kiwango cha Matter, kinachotaka vifaa vya kampuni tofauti vielewane, kilitoka 2022 tu. Mwaka huohuo kampuni ya Marekani iitwayo Insteon ilizima seva zake ghafla na wateja wakaamka programu haifanyi kazi. Waya utakaa ukutani miaka 30. Kifaa ulichonunua leo, hata mtengenezaji wake hawezi kukuahidi 10.

Mabadiliko makubwa zaidi nayaona kwenye betri. Bei ya pakiti za lithiamu duniani mwaka 2010 ilikuwa zaidi ya dola 1,000 kwa kilowati-saa. Mwaka 2024 wastani ulishuka mpaka dola 115 hivi. Kwa hiyo acha bomba tupu kutoka juu ya paa mpaka kwenye DB (boksi kuu la kugawa umeme), na taa, ruta na friji ziwe upande wake peke yake kwenye DB. Siku ukipata sola na betri, upande huo tu ndio unahamishwa.

Madirisha yako yanaangalia wapi? Kama ni mashariki na magharibi, panda miti upande wa magharibi mwaka huu huu. Kaskazi ya Januari na Februari unaijua. Feni ya wati 60 inatosha kwenye nyumba yenye kivuli. Isiyo na kivuli itakudai AC, na AC ya saa moja inakula kuliko taa zako zote kwa zile saa 4.

Nyumbani_Bagamoyo:
Nakubaliana na dada kwa nyumba ya familia, ila kwa biashara nina la kuongeza. Nina vyumba vya wageni karibu na ufukwe, na swichi za AC ninazoziona kwenye simu zinanilipa, kwa sababu mgeni anatoka kwenda kutembea na kuacha AC inawaka. Taa za nje nimeweka za sensa ya mwendo, hazitaki intaneti, bei ndogo. Angalieni tu chumvi ya bahari: holda za chuma huku zinaoza upesi. Chukua za plastiki zilizoandikwa IP65, yaani zimezibwa zisiingize vumbi wala maji.

MwalimuKange:
Nashukuru sana. Madirisha makubwa yako kaskazini na kusini, hapo Mungu kanisaidia. Fundi anasema kushusha nyutro kwenye swichi 11 ni kazi ya ziada na anataka laki 1 na 80. Ni sawa?

BintiFundi_Makorora:
Kwa swichi 11 ni nyingi. Bomba analichimba vyovyote iwavyo, kinachoongezeka ni waya mmoja wa milimita za mraba 1.5 kushuka njia ileile. Rola moja la mita 100 litatosha na kubaki, nunua mwenyewe, kisha ongezeni ufundi kidogo kwa maelewano. Kabla hujamlipa, akuoneshe leseni yake ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na akubali kupima ethi ukiwa umesimama hapo. Na kila ukuta upigwe picha kabla ya plasta, futi ya kupimia ikiwa imenyooshwa kutoka kwenye kona mpaka kwenye bomba, ili atakayetoboa kutundika kabati ajue bomba lilipo.