Benki Kuu imeshusha riba, mbona hisa zangu zimelala?

MamaBelo_Moshi:
Habari za jioni wakuu. Nauza mitumba hapa soko la Memorial. Nina hisa 1,200 za benki moja iliyopo soko la hisa la Dar. Julai 2025 redio ikatangaza Benki Kuu imeshusha riba kutoka asilimia 6 hadi 5.75. Kijana wangu akasema, "Mama usiuze, riba ikishuka hisa zinapaa." Nikaacha, na belo la magauni ya watoto nikaliona linachukuliwa na jirani. Kila nikichungulia simu, bei ipo pale pale. Kanipoteza?

MangiKibosho:
Mama Belo, pole. Kijana hajakosea, ila kasoma mambo ya Marekani. Kule 2022 benki kuu yao ilipandisha riba kutoka karibu sifuri, na kipimo chao cha bei za hisa za kampuni kubwa, yaani S&P 500 kikashuka asilimia 19 hivi mwaka huo.

Riba yetu hii ya Benki Kuu ilianza Januari 2024 tu, kwa asilimia 5.5. Inaongoza riba ya benki zinapokopeshana kwa siku saba. Mpaka ikufikie wewe kibandani ni safari. Mkopo wangu wa ng'ombe haujapungua hata senti!

Mimi naangalia hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba. Nilikuwa mhasibu wa chama cha msingi cha kahawa. Mwaka 2021 hatifungani ya miaka 25 ilitoka kwa asilimia 15.95, tena riba yake haikatwi kodi. Nikataka niuze hisa zote niingie huko, mke wangu akakataa kata kata. Mtu aliyekuwa anapata asilimia karibu 16 amelala, hisa inayotoa gawio, yaani mgao wa faida, la asilimia 7 angeitakia nini? Mwaka uliofuata hatifungani mpya ya miaka 25 ikatoka kwa 12.56, na wale wale walioniita mshamba wakaanza kuniuliza hisa zinanunuliwaje.

Dogo_Sakina:
Shikamoo Mangi. Niongeze kidogo: hisa za mama ni za benki, na benki chakula chake ni riba. Ikishuka, wakopaji wanaongezeka lakini faida kwa kila mkopo inapungua. Kiwanda cha saruji chenye madeni ndicho kinachochekelea zaidi.

MamaBelo_Moshi:
Marahaba kwa niaba ya Mangi 😄 Nimemsomea kijana, kanuna. Hisa naziacha mpaka gawio. Ila lile belo, jamani, lilikuwa daraja la kwanza.