Baba anateswa na mpira wa mkojo baada ya upasuaji wa tezi dume: je, oksibutinini inamfaa?

Mwana wa Kibaha
Ndugu zangu, naomba ushauri wa wenye ujuzi. Baba yangu, mwenye umri wa miaka 71, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume siku sita zilizopita, na ameruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na mpira ambao tumeambiwa utatolewa wiki ijayo. Kidonda hakimsumbui, kinachomtesa ni mpira wenyewe. Kila baada ya saa moja au mbili hushikwa na haja kali ya kukojoa, kibofu hukaza kwa dakika chache, na mkojo kidogo hupenya pembeni mwa mpira na kulowesha shuka, ingawa mfuko nao unaendelea kujaa. Usiku wa jana alitaka kuuvuta autoe mwenyewe. Parasetamoli haijamsaidia. Muuzaji wa duka la dawa amenishauri nimpe oksibutinini, lakini baba ana presha ya macho na hutumia matone kila jioni. Je, nimpe?

Nesi Mstaafu
Mwanangu, pole kwa kuuguza. Kwanza, asiuvute mpira huo kwa hali yoyote, kwa maana ndani ya kibofu kuna puto lililojazwa maji, na likilazimishwa kupita kwenye njia ya mkojo litaijeruhi vibaya. Haja anayoihisi haitokani na kibofu kujaa, bali puto hugusa sehemu ya chini ya kibofu, ambayo ni nyepesi kuhisi, na msuli wa kibofu hujikaza ili kukisukuma kile kilichomo. Ndiyo sababu mkojo hupenya pembeni.

Kabla ya dawa, tazama kama mpira umebandikwa pajani kwa plasta ukiwa umelegea kidogo, kama haujajikunja, na kama mfuko uko chini ya usawa wa kibofu. Je, amepata choo tangu atoke wodini? Choo kigumu hukandamiza kibofu na kuzidisha mikazo. Nimewaona wagonjwa wengi wakiongezewa vidonge, kumbe shida ilikuwa mfuko uliojaa, unaoning'inia na kuvuta mpira kutwa nzima.

Mfamasia wa Zamu
Muuzaji hakukosea kuitaja dawa hiyo. Alikosea kutouliza maswali. Oksibutinini hulegeza msuli wa kibofu, na kwa maumivu ya namna hii mara nyingi hufaa kuliko parasetamoli, ambayo hutuliza kidonda lakini haizuii mikazo. Solifenasini na tolterodini ni za kundi hilo hilo. Zote hukausha mdomo, hufunga choo, na kwa wazee zinaweza kuleta kuchanganyikiwa, hasa oksibutinini.

Kuhusu macho, presha ya macho si ya aina moja. Iwapo pembe iliyo ndani ya jicho, ambayo maji ya jicho hupitia kutoka, ni nyembamba au imefunga, dawa hizi zinaweza kupandisha presha hiyo ghafla na kuhatarisha uwezo wa kuona. Iwapo pembe iko wazi, daktari anaweza kuruhusu. Aina hiyo huandikwa kwenye kadi ya kliniki ya macho, kwa hiyo itafute kadi kabla ya kununua chochote. Usimwongezee diklofenaki kwa uamuzi wako, kwa sababu katika umri huo inaweza kudhuru figo.

Mzee wa Tanga
Mimi nilipitia hayo hayo, na vidonge hivyo vilinipa usingizi niliokuwa nimeusahau. Hata hivyo, hakuna aliyeniambia niviache kabla ya mpira kutolewa. Ulipotolewa, kibofu kilikuwa kimelegea mno, mkojo ukagoma, nikarudishiwa mpira jioni ile ile. Muulizeni daktari aviache siku gani.

Nesi Mstaafu
Shukrani, mzee wangu, hilo ni muhimu. Niongeze kwamba mkojo wenye rangi ya waridi si wa kuogopesha siku hizi za mwanzo, lakini mfuko ukiacha kujaa huku tumbo la chini likivimba, mabonge ya damu yakitoka, au akipata homa na kutetemeka, msisubiri siku ya kliniki.

Mwana wa Kibaha
Nawashukuru nyote. Plasta ya pajani ilikuwa imebanduka, na mfuko tulikuwa tukiufunga kwenye mguu wa kitanda, hivyo kila alipogeuka mpira ulivutika. Kadi ya macho inaonyesha pembe iliyo wazi. Nilirudi wodini nayo, na daktari akamwandikia oksibutinini miligramu 2.5 asubuhi na jioni, pamoja na dawa ya kulainisha choo, akisisitiza kwamba baba aache oksibutinini siku moja kabla ya mpira kutolewa. Jana alishikwa mara mbili tu usiku kucha. Sasa analalamikia mdomo mkavu, naye anamung'unya vipande vya chungwa.