Mwalimu pekee wa hesabu shuleni: nakuaje bila wenzangu?

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Hisabati shule ya kata, huu mwaka wa nne. Tulikuwa wawili, mwenzangu akahama Februari. Sasa kidato cha kwanza hadi cha nne vyote vyangu, vipindi 28 kwa wiki. Kazi siiogopi. Kinachonisumbua ni kwamba nikikosea hakuna wa kunishtua. Walimu wa Kiswahili wako wanne, wanabishania ngeli mpaka chai inapoa. Mimi nikiuliza kwa nini watoto hawashiki sehemu (nusu, robo, theluthi), naambiwa "hesabu ngumu, ticha, usijichoshe."

Niliomba ruhusa nikakutane na walimu wa shule jirani, mkuu wa shule akauliza kama kuna posho. Hakuna. Basi baki na vipindi vyako. Kundi la WhatsApp lipo, ila ni mitihani ya majaribio na matangazo ya mikopo.

Nirudi chuo nikasome uzamili, au kuna njia nyingine?

Chaki Nyeupe
Uzamili nimesoma. Nadharia ya namba niliifurahia mno, nikarudi kwenye darasa lilelile la watoto 90, Ijumaa saa nane mchana, nusu wanasinzia. Kasome kama unataka kusoma. Upweke hautibiwi na cheti.

Mtaaluma Mstaafu
Kijana, ukimwambia mkuu wako "naenda kuonana na wenzangu" atakuona mtoro. Mwambie Jumuiya ya Ujifunzaji. Ndiyo MEWAKA yenyewe (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) ya Taasisi ya Elimu, na wathibiti ubora, wakaguzi wa shule, wakija wanaweza kuuliza mihtasari ya vikao. Fungua faili, andika muhtasari wa kikao cha kwanza hata kama mlikuwa wawili chini ya mwembe, mpelekee asaini. Cha pili atakukumbusha yeye.

Mama Sehemu
Umetaja sehemu, umenigusa. Sisi tuko watatu, shule tatu tofauti. Tunapanga somo moja pamoja, mmoja anafundisha, wawili wanakaa nyuma wakitazama madaftari ya watoto, mwalimu hawana habari naye. Mtindo wa Wajapani huo.

Siku moja mtoto kaandika 2/3 + 1/4 = 3/7. Peke yangu ningetia alama nyekundu ya kosa nikapita. Mwenzangu akamwinamia, akamuuliza kwa upole kaipataje. Mtoto: "Swali la kwanza nimepata mbili kati ya tatu, la pili moja kati ya nne. Jumla tatu kati ya saba." Si ndivyo tunavyojumlisha maksi zao kila wiki? Tumemfundisha wenyewe! Tukamuuliza: 3/7 na 2/3 uliyoanza nayo, ipi kubwa? Akachora, akakaa kimya, kisha akacheka. "Nimeongeza, imepungua."

Miaka 11 nafundisha sehemu, sikuwahi kuuliza swali hilo.

Kobe wa Pwani
Hadithi tamu. Nauli nani analipa? Jumamosi mwalimu ana shamba, ana boda, ana mtoto mgonjwa. Msimpambe mwenzenu kwa kazi ya bure.

Mama Sehemu
Kobe, nauli tunalipa wenyewe, ndiyo maana tunakutana mara moja kwa mwezi tu. Nawe una haki kulalamika.

Pai Tatu Nukta
Nyongeza: CHAHITA, Chama cha Hisabati Tanzania, kipo tangu 1966. Machi 14, Siku ya Pai (ile namba ya duara, 3.14), tafuta wanaoiadhimisha karibu nawe. Darasa lako la Jumanne hawatakufundishia, lakini utaondoka na namba za simu za watu wanaopenda kitu unachokipenda. Tahadhari: usianzishe kundi jipya la WhatsApp. Tunayo ya kutosha.

Mleta uzi
Mzee Mtaaluma, faili nimefungua leo. Mkuu kasaini huku anasoma gazeti. Kuna mwalimu wa shule ya msingi hapa jirani, naye kakubali, anasema sehemu ndizo zinazomshinda kule darasa la tano. Tunaanza Jumamosi. Mama Sehemu, nije na andalio la somo?

Mama Sehemu
Andalio liache. Beba madaftari kumi ya watoto, yale ambayo hujayasahihisha.