Linux haijashindwa ofisini, mmeishindwa nyinyi

Wakuu, salamu. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, asiye na muda apite tu.

Mimi ni fundi wa TEHAMA kwenye taasisi moja ya serikali. Siitaji, na msinifuate inbox kuniuliza ni ipi. Leo mchana imetoka barua ya ndani: kompyuta zote tulizozihamishia Linux (mfumo endeshi huria, unaokaa mahali pa Windows) zirudishwe Windows "kutokana na mfumo kutokidhi mahitaji ya watumiaji". Miezi saba tu! Nimeisoma mara tatu na mara zote nimetamani kuichana, bahati mbaya imekuja kwa barua pepe.

Sasa sikilizeni mahitaji hayo yalivyoshughulikiwa.

Windows 10 ilikuwa inafikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Tarehe hiyo ilijulikana miaka mingi, sisi wa chini tumeiandika kwenye taarifa za robo mwaka mpaka tukachoka. Sehemu kubwa ya mashine zetu haziwezi kupandishwa Windows 11. Ama hazina TPM 2.0 (chipu ya usalama), ama prosesa yake haimo kwenye orodha ya Microsoft. Mashine ni nzima, kioo kizima, diski nzima, ila imeshaambiwa zamu yake imeisha. Wakubwa walikuja kushtuka siku zimebaki za kuhesabu. Kikaitwa kikao cha dharura, watu wakatazamana, halafu mmoja akasema: "Si kuna ile Linux? Ile ya bure?" Kikao kikafungwa kwa furaha.

Hilo neno "bure" ndilo lililotumaliza. Mfumo huria haulipiwi leseni, basi, umeishia hapo. Kumfundisha mtumishi kunalipiwa. Kuzipima programu moja moja kabla ya kuhama kunalipiwa. Anayepokea simu ya mtu ambaye printa yake imenuna naye anakula mshahara. Wao walichukua fedha yote ya leseni wakaiandika kuwa imeokolewa, halafu kwenye mstari wa gharama za kuhama wakaandika sifuri. Nimeiona hiyo sifuri kwa macho yangu. Mafunzo yakawa ni PDF ya kurasa nne iliyotumwa Ijumaa jioni, na picha zilizomo zilikuwa za toleo jingine kabisa, menyu hazifanani hata kidogo na walizozikuta watu Jumatatu.

Jumatatu hiyo saa mbili na robo simu ya kwanza ikatoka masijala. Kuna mama pale ana miaka mingi kazini kuliko mimi nilivyo na umri. "Mwanangu, njoo uone, saini ya mkurugenzi imehama." Nikaenda. Barua iliyokuwa ukurasa mmoja imekuwa miwili, na ule wa pili hauna kitu ila nafasi ya saini, jina na cheo. Karatasi nyeupe tupu, chini jina la mkurugenzi. Mama akaniambia, "Hii haitoki mezani kwangu. Leo nikiiachia, kesho mtu anaandika anachotaka hapo juu." Na yuko sahihi kwa asilimia mia.

Tatizo lilikuwa fonti. Kiolezo cha barua kimeandikwa kwa Calibri, ambayo ni mali ya Microsoft na haiji na Linux. LibreOffice, programu huria ya ofisi tuliyowawekea badala ya Microsoft Office, ilipoikosa ikachukua nyingine yenye herufi pana zaidi, mistari ikasukumana mpaka saini ikamwagikia ukurasa wa pili. Dawa ipo tangu siku nyingi: Carlito, fonti huria ambayo herufi zake zimepimwa zilingane upana na za Calibri. Anayetumia Cambria naye ana Caladea. Niliziweka zote mbili kwa dakika tano, saini ikarudi mahali pake, mama akacheka akaendelea na kazi.

Swali langu ni hili: kwa nini niligundue hilo Jumatatu kwenye kompyuta ya masijala? Kwa sababu mkandarasi alitengeneza usakinishaji wa pamoja, akaukabidhi, akalipwa, na hakuna binadamu hata mmoja aliyeprinti barua moja ya majaribio. MOJA!

Uhasibu ndiko kulikokuwa na msiba wenyewe. Wana faili la Excel lenye makro za VBA (amri za kulifanya lijiendeshe) zilizoandikwa na mtu ambaye alishastaafu, bila neno la maelezo, na nusu ya idara inalitegemea hilo faili. LibreOffice inaelewa VBA kiasi, ila si yote, na hili lilikataa palepale kwenye kitufe cha kufunga mwezi. Niliomba wiki mbili niliandike upya. Jibu: "Si mlisema Linux inafungua Excel?" Sikusema mimi hivyo. Halafu tokeni ya saini ya kielektroniki, kile kidude cha USB, draiva yake (programu ya kukiunganisha na kompyuta) ni ya Windows peke yake, kwa sababu waliopitisha zabuni hawakuandika popote kwamba iwe na ya Linux. Kwa hiyo wahasibu wakawekewa kompyuta mbili mbili mezani, moja ya kufanyia kazi na nyingine ya kusainia. Mtu akiniuliza mfumo gani hauwafai, ningemjibu ni huo wa kununua vitu bila kuuliza maswali.

Na laptop ya mkubwa? Haikuguswa. "Ya bosi iacheni kwanza." Mnajua mtumishi wa kawaida anaelewa nini akisikia hivyo? Anaelewa kwamba yeye amepewa cha maskini. Kuanzia siku hiyo kila kitu kikawa kosa la Linux, mpaka mtandao ukikatika ofisi nzima.

Msije mkaniambia ndivyo ilivyo kila mahali. Gendarmerie ya Ufaransa, askari kabisa wenye silaha, wako kwenye Ubuntu (aina mojawapo ya Linux) yao waliyoiita GendBuntu, makumi ya maelfu ya kompyuta. Tazameni walivyokwenda: 2005 walianza na OpenOffice, programu huria ya ofisi, juu ya Windows ileile. Baadaye Firefox ya kuvinjari na Thunderbird ya barua pepe. Watu wakazoea programu, mafaili yakahamia muundo huria, na Ubuntu yenyewe ikaanza kuingia 2008. Kufikia hapo mtumishi anawasha mashine mpya anakuta programu zilezile alizozizoea, kilichobadilika ni pazia la nyuma. Sisi tuliwavua watu kila kitu usiku mmoja.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika "Munich". Haya, tuiongee. Baraza la jiji hilo la Ujerumani lilipitisha uamuzi wa kuhamia Linux 2003, Steve Ballmer wa Microsoft akaenda mwenyewe kumwona meya, na hawakubadili msimamo. Walikuta violezo na makro visivyohesabika, wakaandika programu yao wenyewe ya violezo, WollMux, kwa ajili ya barua kama za mama yangu wa masijala. Ilichukua takriban miaka kumi, kompyuta kama 15,000. Ni kweli 2017 baraza lilipiga kura kurudi Windows. Lakini meya alikuwa ameshabadilika, na Microsoft ilikuwa imehamishia makao yake ya Ujerumani ndani ya jiji hilohilo. Sisemi kimoja kilileta kingine, nasema tu msiisimulie kana kwamba kompyuta zilizima zenyewe. Na 2020 muungano mpya wa uongozi wa jiji ukaahidi tena kutanguliza programu huria.

Vienna ndiyo inayonifanya nicheke kwa uchungu. Jiji hilo la Austria lilikuwa na Linux yake, Wienux, tangu 2005. Kompyuta za shule za chekechea zikarudishwa Windows 2008 kwa sababu ya programu moja ya lugha ya watoto iliyokuwa inafanya kazi kwenye Internet Explorer tu. Programu ya watoto! Hiyo ndiyo tokeni yetu ya saini. Mahali popote mfumo huria unapokwama, ukichimba unakuta kitu kimoja kidogo ambacho mtu alikinunua bila kuuliza.

Ndiyo maana nasema vita hii haipiganwi kwenye mfumo endeshi, inapiganwa kwenye hati za zabuni. ODF, muundo huria wa kuhifadhi nyaraka, ni kiwango cha kimataifa, ISO 26300, tangu 2006. Serikali ya Uingereza iliichagua 2014 kwa nyaraka zake za kuhaririwa. Ukiandika kwenye zabuni kwamba mfumo utoe na upokee ODF, ufunguke kwenye kivinjari chochote, na vifaa viwe na draiva za Linux, msambazaji atanung'unika siku mbili halafu ataleta. Anataka hela. Usipoandika, atakuletea kinachomfaa yeye, na miaka mitano baadaye fundi kama mimi atasimama mbele ya mhasibu akiomba radhi kwa niaba ya Linux.

Kuna taasisi nyingine, na hizi ndizo zinaniudhi kuliko zote, zinaitaja Linux kila leseni zinapokaribia kuisha ili zipewe punguzo. Wakipata punguzo mradi unakufa, lakini wale mafundi watatu waliokesha wakijaribu wanabaki na sifa ya kushindwa.

Haya, turudi kwenye barua ya leo. Inasema "zirudishwe Windows". Windows ipi? Kumi imeshaacha kupewa masahihisho ya usalama bila mpango maalumu wa kuongezewa muda. Kumi na moja hazipandi. Nimeuliza kwa maandishi, nimejibiwa "mtaalamu ni wewe". Kwa hiyo ama tununue mashine mpya kwa fedha ileile tuliyojisifu kuiokoa, ama turudishe mfumo wenye matundu kwenye ofisi inayoshika taarifa za wananchi. WannaCry, programu hasidi ya Mei 2017, ilipita humo humo, kwenye mashine ambazo hazikuwekewa masahihisho, ikalaza hospitali za Uingereza. Hilo nalo nimeliandika, na nakala ninayo.

NYONGEZA: Mkuu mmoja hapo chini anasema watumishi wa serikali hawawezi kujifunza kitu kipya. Mkuu, watumishi haohao wana simu za Android mfukoni, ambayo kiini chake ni Linux, na hakuna aliyepelekwa semina. Mama wa masijala kufikia wiki ya tatu alikuwa ananifundisha mimi njia ya mkato ya kusafirisha PDF moja kwa moja kutoka Writer ya LibreOffice. Nilikuwa siijui.

NYONGEZA 2: Mnaouliza faili la uhasibu, nililiandika upya mwenyewe usiku kwa Python, linafanya kazi, liko kwenye seva tangu mwezi wa nne wa kuhama. Hakuna aliyelifungua, kwa sababu kulipitisha kunahitaji kikao.

Kesho saa moja naanza na masijala, flashi ninayo. Nilipita jioni kuwaambia wahifadhi kazi zao. Mama akauliza kama yake inaweza kuachwa ilivyo. Nimemwambia barua inasema zote. Akasema, "Na ya mkurugenzi mbona iliachwa?"

Sikuwa na jibu. Mwenye jibu aniandikie hapa kabla ya saa moja.